Nilifufue Pijo la baba au ninunue Fielder?

BARUA

Ami, asalaam aleikum.

Nyumbani kwetu maneno yamekuwa mengi na uamuzi haupatikani, ndipo nikaona nikuandikie. Baba yetu alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Miongoni mwa alivyoviacha ni Peugeot 504, lile refu la familia lenye safu tatu za viti na gia ya kwenye usukani. Namba zake ni za kabla ya KAA. Baba alilinunua likiwa jipya, na alipenda kutwambia kwamba liliunganishwa papa hapa Mombasa. Sote tumelelewa ndani ya gari hilo. Safari za Malindi kwa bibi, arusi, maziko, yote ni Pijo.

Tangu baba alipoanza kuugua, gari limekaa chini ya mwarobaini uani kwetu Kisauni. Juzi nilimwita fundi wake wa siku zote. Alibadilisha betri, akasafisha kabureta, akatia petroli mpya kidogo, na injini ikawaka. Ilitoa moshi, halafu ikatulia, ikawa inanguruma vile vile ninavyoikumbuka. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni kusikiliza mpaka fundi alipoizima. Lakini nilipoinua zulia upande wa dereva nilikuta kipande cha bati ambacho baba alikichomelea zamani. Ukingo wake mmoja umeachia, na kupitia hapo nikaona mchanga wa uani.

Mimi ni mwalimu. Mwaka huu nimehamishiwa shule moja ya Kilifi na watoto wangu wawili, wa miaka 6 na 3, nimewahamishia huko huko ili niwe nao karibu. Tunatoka alfajiri kwa matatu na kurudi jioni, zaidi ya kilomita 50 kwenda na kama hizo kurudi. Tumechoka. Nina akiba ya chama inayotosha kununua Toyota Fielder iliyokwisha kutumika. Akiba hiyo hiyo ingetosha pia kulitengeneza gari la baba mpaka liwe la kuendeshwa tena, na pesa zingine zikabaki.

Mume wangu anasema Fielder, basi. Fundi anasema nisidanganyike, kwamba bati la magari ya siku hizi ni karatasi, na Pijo ukigonga nalo kinachoumia ni hicho ulichokigonga. Kaka yangu amekwisha kumpata mnunuzi wa chuma chakavu na anataka liondoke kabla ya Ramadhani. Anasema gari lililosimama ni mzigo. Mama hasemi kitu, ila kila siku nikirudi naliona limepanguswa vumbi.

Ami, niambie ukweli. Je, ni kweli kwamba gari la zamani ni imara kuliko la sasa? Nikilifufua, litanifaa kwa safari ya kila siku na watoto? Na nikinunua Fielder, nitakuwa nimenunua nini hasa? Jambo la mwisho: jirani ametuomba tulikodishe Pijo kwa arusi ya mwanawe. Tukubali?

Mwalimu, Kisauni

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Mungu amrehemu mzee na ampe mama subira.

Nianze na jibu lenyewe, maana una watoto wanaongoja usafiri. Kwa safari ya Kilifi, nunua Fielder. Pijo lisiuzwe kwa mtu wa chuma chakavu, na wala lisibebeshwe watoto kila siku alfajiri. Haya mawili ni mambo mbalimbali, na kwenu yamegombana kwa sababu yanangojea akiba moja.

Sasa nikueleze kwa nini, maana maneno ya fundi yana ukweli ndani yake, na nisipoyajibu yatakurudia kila utakapoona Fielder imepondeka bampa.

Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa Septemba 1968, na mwaka uliofuata ikatangazwa Gari la Mwaka la Ulaya. Lakini sisi hatukuipenda kwa tuzo za Ulaya. Tuliipenda kwa sababu ya Safari Rally. Ndugu yake mkubwa, 404, alikwisha kushinda Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden akashinda na 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa akashinda na 504 ya milango miwili yenye injini ya V6. Yale yalikuwa mashindano ya maelfu ya kilomita kwenye tope na mawe. Mwananchi aliyeona gari linapita mbele ya kijiji chake likiwa limejaa matope na bado linakimbia hakuhitaji tangazo la biashara.

Na uimara huo haukuwa wa kubuni. Nenda nyuma ya gari la baba, inama utazame chini. Utaona kwamba lile refu la familia limewekewa springi nne kwenye ekseli ya nyuma, mbili kila upande. Springi hizo zina nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, ndiyo maana gari lilipakiwa abiria mpaka safu ya tatu, mizigo juu ya kibanda, na bado likapita kwenye barabara ya mawe bila kuwavunja watu migongo. Madereva wa matatu za Pijo waliokuwa wakienda mbio baina ya miji walilijua hilo kabla ya mtu yeyote. Kisha injini. Ni ya lita 1.8 au 2.0, ina kabureta, na silinda zake ni mikebe inayochomolewa. Silinda ikilika, fundi hahitaji kupeleka bloku kwenye mashine ikachongwe. Anachomoa mkebe wa zamani anatia mpya na pistoni yake. Kazi hiyo imefanywa chini ya miembe kote Afrika Mashariki, na watu waliojifunza kwa kuangalia.

Basi fundi wako anaposema "imara" ana haki ya kusema hivyo. Ila uimara anaousema ni wa gari kustahimili barabara na kukubali kutengenezwa. Hapo mimi mwenyewe namuunga mkono, na sioni gari la sasa la bei ile litakalofikia miaka ya Pijo hilo. Kosa linaingia anapouchukua uimara huo na kuugeuza kuwa ulinzi wa watu waliomo ndani. Huo ni uimara mwingine kabisa, na katika huo gari la zamani limeachwa mbali.

Mwaka 2009 kule Marekani, taasisi inayogharimiwa na kampuni za bima, Insurance Institute for Highway Safety, ilikuwa inatimiza miaka 50. Ikachukua Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959, gari kubwa, zito, bati nene la kung'aa, na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009. Ikayagonganisha uso kwa uso, upande wa dereva kwa upande wa dereva, kwa mwendo wa kama kilomita 64 kwa saa. Ndani ya kila gari lilikaa sanamu lenye vipimo mahali pa dereva. Ukiitazama picha ya tukio lile hutaisahau. Kibanda cha Bel Air kilijikunja, dashibodi na usukani vikamfuata dereva kitini. Watafiti walikadiria kwamba binadamu mahali pale angekufa. Kwenye Malibu pua yote ilipondeka ikawa si pua tena, lakini mlango na kibanda vilibaki na umbo lao, na dereva angetoka na jeraha dogo la mguu.

Hilo "karatasi" analolidharau fundi limetengenezwa lipondeke. Nguvu ya kugongana haipotei hewani. Lazima iishie mahali. Katika gari la sasa inaishia kwenye pua na buti, vinavyojikunja kwa mpango, na chuma kigumu kimezungushiwa pale walipo watu. Bampa la Fielder likipasuka kwa kugusana na tuktuk pale Bombolulu utaudhika, na kulitengeneza kutakugharimu. Lakini ndiyo kazi yake. Gari lisilopondeka humpitishia nguvu ile dereva na mtoto wake.

Nisiionee 504. Ni changa kuliko Bel Air, na waliobuni walifikiria usalama kwa kadiri ya wakati wao; saluni za mwanzo zilikuwa na breki za diski magurudumu yote manne, jambo ambalo magari mengi ya wakati ule hayakuwa nalo. Lakini keti kitini mwa baba uangalie kilichopo. Hakuna mfuko wa hewa (airbag) kwenye usukani. Hakuna ABS, kwa hivyo ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye lami yenye maji ya mvua, magurudumu yanafunga na gari linateleza huku usukani haukusikii. Halafu kaangalie viti vya nyuma, safu ya kati na ya tatu. Magari mengi ya aina hiyo hayakuwekewa mikanda huko, na kama ipo, ivute uone umri wa uzi wake. Mwanao wa miaka 3 anahitaji kiti cha mtoto kilichofungwa barabara. Utakifunga wapi? Juu ya yote hayo kuna lile bati la sakafuni. Katika 504 hakuna fremu iliyo mbali na bodi. Sakafu, vizingiti vya mlango na nguzo ndivyo vinavyolibeba gari lote. Pale ulipouona mchanga si tundu la zulia tu. Ni sehemu ya mifupa ya gari iliyokwisha kuliwa na kutu. Na hewa ya chumvi ya Pwani haili mahali pamoja.

Kuna jambo moja ambalo ningependa fundi wako alijue, kwa heshima ya kumbukumbu yake ya Safari. Yule Ove Andersson aliyetushindia na 504 mwaka 1975 ndiye huyo huyo aliyeiongoza timu ya Toyota ya Ulaya, na timu yake ikaja ikashinda Safari na Celica miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Mtu aliyeijua Pijo kuliko sisi sote alikwenda Toyota na akafanikiwa. Alifariki Juni 2008 Afrika Kusini katika mashindano ya magari ya kale. Alikuwa akiendesha Volvo ya zamani, akagongana na gari jingine. Dereva wa kiwango kile. Ustadi haukumfaa, na gari halikuwa na cha kumkinga.

Kwa hivyo barabara ya Kilifi, yenye malori na mabasi ya Malindi yanayopishana alfajiri, si mahali pa watoto wako kuwa ndani ya gari lenye zaidi ya miaka 35 na sakafu ya kuchomelewa. Hapo sitakuficha wala sitakuremba.

Petroli nayo inasema hivyo hivyo, ingawa si ndiyo iliyoniamulia. Pijo la kabureta kwenye barabara kuu hukupa kama kilomita 9 kwa lita, likiwa limetunzwa. Fielder ya injini ya 1,500 hukupa 14 au zaidi ukiiendesha kwa utulivu. Kwa safari yako ya kama kilomita 500 kwa juma la kazi, hiyo ni tofauti inayokaribia lita 20 kila juma. Zizidishe kwa bei inayotangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati, kila tarehe 14 ya mwezi, utaona ada ya chekechea ya mtoto mmoja inakwenda wapi.

Sasa Fielder yenyewe, maana mume wako naye asidhani kwamba kwa kuwa ni ya juzi haina la kukaguliwa. Ukiagiza kutoka Japani, sheria yetu hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Ukinunua lililokwisha kutembea hapa nchini, umri wowote utakutana nao, na hapo ndipo pa kuwa macho. Mita ya kilomita usiiamini peke yake. Tazama raba ya kikanyagio cha breki, ngozi ya usukani, na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango. Vitu hivyo hubadilishwa na wachache. Gari lenye mita ya kilomita 60,000 na kikanyagio kilicholainika mpaka chuma lina maneno mengine ya kusema.

Washa swichi bila kuwasha injini, tazama taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi. Ni lazima iwake, kisha izime baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameichomoa ili usijue kwamba mifuko ilikwisha kupasuka kwenye ajali na haikurudishwa. Isipozima, kuna kasoro. Kwa vyovyote vile huenda ukawa unalipia ulinzi ambao haupo, na ndio tulionunulia gari.

Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Miongoni mwa mamilioni ya magari yaliyoitwa kurudishwa duniani kwa ajili ya mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata zimo Corolla nyingi, na Fielder ni Corolla, za miaka ya 2000 na za mwanzoni mwa miaka ya 2010. Baruti ya kujazia mifuko ile huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na ikilipuka vibaya hurusha vipande vya chuma kwa aliyekaa mbele. Joto na unyevu, mwanangu, ndiyo hali ya hewa yetu Mombasa mwaka mzima. Chukua namba ya chasi ya gari unalolitaka kabla ya kulipa, uitazame kwenye ukurasa wa Toyota wa magari yaliyorudishwa, au uipeleke kwa wakala wao akuangalizie. Kama limeitwa na halijatengenezwa, mwambie muuzaji alitengeneze kwanza.

Kisha giaboksi. Fielder nyingi zina CVT, yaani hazina gia za kuhesabika. Ndani kuna ukanda wa chuma unaozunguka baina ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Oili yake ni ya kwake peke yake. Wako watu wanaotia oili ya giaboksi ya kawaida kwa kuwa ni rahisi na inapatikana kila duka la spea, na giaboksi inakufa polepole. Liendeshe gari likiwa limepoa, tangu kuwashwa asubuhi, kisha lipandishe kilima. Likitetemeka linapoondoka, au injini ikipandisha mlio bila gari kuongeza mwendo, liache hapo hapo. Giaboksi ya kubadilisha itakula akiba utakayokuwa umebakisha.

Utakachokikosa ni yale aliyoyasema fundi. Fielder iko chini, itakwaruza tumbo kwenye njia za ndani za vijijini wakati wa masika. Kihisio (sensa) kimoja kikifa inaweza kukataa kwenda na hutaona kilichoharibika mpaka ipimwe kwa mashine. Baba aliweza kusimama kando ya njia akafungua boneti akajua la kufanya. Wewe utapiga simu. Ni hasara, na mimi huihisi kila ninapofungua boneti nikakuta plastiki imefunika kila kitu.

Nije kwa kaka yako. Mwambie kwa upole lakini mwambie: gari hilo si lake kuliuza, na si lako kulifufua. Ni la urithi. Kama warithi ni mama, kaka na wewe tu, na babu na bibi wa upande wa baba hawako hai, basi mama ana thumni, yaani moja ya nane, na kinachobaki kinagawanywa, kaka mafungu mawili na wewe moja. Kuuza mali ya marehemu kabla ya mahakama kutoa idhini ni kosa kwa Sheria ya Urithi, na NTSA, mamlaka ya usafiri, hawatabadilisha jina la mmiliki bila karatasi za mahakama. Nendeni Mahakama ya Kadhi mlikamilishe jambo hili pamoja na mengine aliyoyaacha mzee. Kisha, ikiwa kaka anataka pesa, mlipe sehemu yake kwa bei mtakayokubaliana nyote watatu. Lakini isiwe bei ya chuma chakavu. Ile ni bei ya uzito wa chuma, na 504 ya familia inayowaka injini bado ina watu wanaoitafuta. Kule Nairobi, kwenye viwanja vya Ngong, magari ya kale hushindanishwa katika Africa Concours d'Elegance, na wanaoshindana huko wanajua thamani ya gari lililoshikwa na mkono mmoja tangu jipya.

Na kabla ya hayo yote, muulizeni mama. Amekwisha kuwajibu kwa kile kitambaa cha kupangusia vumbi, lakini ni haki yake aulizwe kwa mdomo.

Gari likibaki, lisibaki chini ya mti. Majani ya mwarobaini hujazana chini ya kioo cha mbele, yanaziba matundu ya kutolea maji, na maji yanaingia sakafuni. Huenda ndiko kutu yenu ilikoanzia. Ondoeni majani, mlijengee kibanda cha mabati kilicho wazi pande zote upepo upite. Turubai la plastiki lisiguse gari, linafungia unyevu. Mkishapata nafasi, pesa ya kwanza iende kwa fundi wa bodi, injini ingoje. Mpe bisibisi apige taratibu kwenye vizingiti vya mlango, chini ya tairi ya akiba, na pale shokamzoba za mbele zinaposhikia juu. Panapoingia bisibisi pakatwe na pachomelewe bati jipya. Asipake puti juu ya kutu akakwambia amemaliza. Itafumuka msimu mmoja tu.

Lisitoke hata mlangoni kabla breki hazijafunguliwa. Mafuta ya breki hunywa unyevu, na gari lililokaa hivyo pistoni za breki hushika kutu ndani. Mabomba ya raba nayo huvimba na kupasuka. Yote yabadilishwe. Tangi likaushwe, petroli ya zamani isichanganywe na mpya. Kwenye rejeta msitie maji ya kisima. Maji yetu yana chumvi, na silinda hedi ya Pijo ni ya aluminiamu. Tieni kuleenti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa. Tairi zina namba nne pembeni zinazoonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa. Zikisoma 2314, ni juma la 23 mwaka 2014, na hazifai hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Mtu asikutishe na habari ya petroli isiyo na risasi. Kenya iliacha kuuza petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006 na baba aliendelea kuliendesha. Mwambie fundi apime uwazi wa valvu sasa, kisha apime tena baada ya kutembea kidogo. Ukiwa haupungui, siti za valvu ni nzima na hakuna la kuhangaikia.

Kazi hii ifanywe polepole, kwa pesa inayobaki mwisho wa mwezi, na akiba ya chama isiguswe. Fundi wako mzee ndiye wa kuikabidhi. Mikono yake inalijua gari hilo, na akisikia kwamba halifi, hata hasira yake na Fielder itapungua. Mume wako naye akae naye siku za mapumziko ajifunze kurekebisha kabureta, maana mafundi wa rika lile hawaachi wanafunzi wengi.

Kuhusu arusi ya jirani, mwaka huu kataeni. Bima ya gari la binafsi haimlindi mtu pale gari linapokodishwa kwa pesa, na likimgonga mtu kwenye msafara wa bwana arusi mtalipa wenyewe. Likishapita kwa fundi wa bodi, breki zikawa mpya na jina likaandikwa kwa mrithi, nendeni kwa wakala wa bima mumwombe bima ya kukodisha. Kampuni nyingi husita kwa gari la umri huo, kwa hivyo nendeni na picha za kazi iliyofanywa na risiti zake.